Hukumu Juu ya Haymu Tipe

Neno msaliti ni jepesi kinywani na zito shingoni. Alitamkaye hutumia pumzi moja tu. Atamkiwaye huuchukua mzigo wake mpaka kaburini, na wanawe huurithi pamoja na mashamba na mifugo. Kwa hiyo ni wajibu wa kila msomaji wa hadithi, na hasa msomaji aliyekaa chuoni kwa gharama ya umma, kulipima neno hilo kabla ya kulitupa. Wajibu huo haujatimizwa ipasavyo katika jambo la Haymu Tipe, kiongozi wa kale wa Wairaqw. Hadithi yake ikisimuliwa darasani, hukumu hutolewa kabla mashahidi hawajaketi: msaliti! Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa hukumu hiyo ni ya haraka, ni dhaifu, na kwamba udhaifu wake una hatari inayovuka mipaka ya darasa.

Karatu ni mji uliolala baina ya ukingo wa Bonde la Ufa na nyanda za juu za Ngorongoro. Barabara hupanda kutoka Mto wa Mbu, ikapita katikati ya mashamba ya ngano na mahindi, ikaingia mjini, kisha ikaendelea mpaka lango la Lodoare. Wenyeji wengi wa huko ni Wairaqw, ambao Kiswahili kiliwazoea kwa jina la Wambulu. Wengi walienea Karatu katika karne ya 20, wakitoka kusini, katika milima ya Irqwar Da'aw huko Mbulu. Lakini wazee wao wakisimulia asili yao hawaanzi Mbulu. Huanza mahali paitwapo Ma'angwatay, ambapo hapaonekani katika ramani ya leo, na ambapo kila msikilizaji hulazimika kupajenga moyoni mwake.

Huko Ma'angwatay, masimulizi yasema, Haymu Tipe alikuwa kiongozi, naye alikuwa na mwana mmoja tu, Gemakw. Kundi la vijana wa Kiiraqw lilimteka mtoto huyo, likamficha msituni, likamletea baba yake sharti: awatafutie adui wa kupigana naye, au mwanawe atauawa. Haymu Tipe aliwaendea Wabarbaig, watu wa mifugo, akawataka waje vitani. Wakaja. Mapigano yakawa makali, na Wairaqw wengi wakaangamia. Gemakw aliachiliwa, na baba yake akakimbia pamoja naye na jamaa waliosalia. Walipofika katika msitu wa Qawirang, magharibi ya Ziwa Manyara, Gemakw aliugua, akafa. Baba hakurudi nyuma. Aliendelea na safari mpaka Guser Twalay, akakaa, na husemwa ya kuwa mifupa yake iko huko hata leo. Watu wakaongezeka Guser Twalay, nchi ikawa ndogo kwao, na baada ya miaka mingi wakahamia Irqwar Da'aw.

Hiyo ndiyo hadithi, na ufupi wake ni sehemu ya ukali wake. Haisemi Haymu Tipe alilala au hakulala usiku ule. Haisemi aliwaambia nini Wabarbaig, wala mama yake Gemakw alisema nini. Kama mtu huyu aliishi kweli au hakuishi, hilo ni swali la wanahistoria, na waachiwe wao. Katika fasihi yeye ni mhusika, na mhusika huhukumiwa kwa ushahidi uliomo ndani ya hadithi yake, pamoja na yale ambayo hadithi imechagua kuyanyamazia.

Haki yataka mashtaka yatangulie, tena yaelezwe kwa nguvu zake zote. Kwani ushindi juu ya hoja iliyodhoofishwa makusudi si ushindi. Washitaki wa Haymu Tipe wana hoja nne. Kwanza, alikuwa kiongozi, na kiongozi hana mtoto mmoja: watoto wote wa nchi ni wake. Alipouweka uhai wa Gemakw katika upande mmoja wa mizani, alipaswa kuweka upande wa pili uhai wa kila mwana wa Ma'angwatay. Pili, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kumwita adui. Hakulala adui akamvamia. Alimfuata, akamwonyesha njia. Tatu, watu walipoanguka yeye alikimbia na jamaa zake. Nne, mwisho wa hadithi wenyewe wamshuhudia: mtoto aliyenunuliwa kwa damu ya wengi alikufa njiani, kana kwamba ulimwengu ulikataa biashara ile.

Kuna jambo jingine ambalo washitaki wangeweza kulitumia kwa faida yao. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha neno kusaliti na mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa neno sultani, na maana yake ya kwanza ni kumpa mtu nguvu juu ya mwingine, kumwachilia amshukie. Nani atakana ya kuwa Haymu Tipe aliwapa Wabarbaig nafasi ya kuwashukia watu wake? Tena Kiswahili kina methali iliyo tayari kama mkuki mlangoni: mchelea mwana kulia hulia yeye. Haymu Tipe alichelea kumlilia mwanawe, akawalilia wengi, kisha akamlilia mwana yuleyule.

Mashtaka hayo ni mazito. Lakini uzito wa mashtaka si ukweli wake, na ni vema yapimwe moja baada ya jingine.

Msaliti ni nani katika fasihi ya Kiswahili? Mfano ulio wazi ni mwana wa Fumo Liyongo, kama ahadithiwavyo katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Kijana huyo alikuwa na imani ya baba yake. Mfalme wa Pate alimwahidi binti yake amwoze. Kijana akamdadisi baba siri ya mauti yake, akaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, akaichukua sindano hiyo na kumchoma baba yake usingizini. Hapo zimo nguzo tatu za usaliti: imani iliyopewa, siri iliyouzwa, na ujira uliotamaniwa. Nguzo moja ikiondolewa, jengo hutikisika. Zikiondolewa mbili, huanguka.

Sasa nguzo hizo zitafutwe kwa Haymu Tipe. Imani ipo, maana alikuwa kiongozi, na hilo halina ubishi. Siri iko wapi? Hadithi haisemi ya kuwa aliwafunulia Wabarbaig udhaifu wa watu wake, wala haisemi ya kuwa aliwashika Wairaqw usingizini. Aliwaletea vijana kile walichokitaka kwa kinywa chao. Na ujira uko wapi? Hakuahidiwa ng'ombe, wala binti wa mfalme, wala ufalme. Alirudishiwa mtoto aliyekuwa wake tangu mwanzo. Mtu aliyenyang'anywa shati lake kisha akarudishiwa hakupata faida yoyote katika shughuli hiyo. Kuuita uhai wa Gemakw ujira ni kukubali ya kuwa watekaji walikuwa na haki ya kuwa nao, wakaweza kuutoa kama mshahara.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la wanaomhukumu, nalo ni kosa la usomaji. Katika hadithi hii watu wenye majina ni wawili, Haymu Tipe na Gemakw. Vijana hawana majina. Wao ni kundi, wao ni vijana tu, na msitu umewafunika. Akili ya msomaji hupenda kukamata kilicho na mpini, na jina ni mpini. Kwa hiyo lawama hutiririka kwa mwenye jina, na wasio na jina hupita katikati ya wasikilizaji wakiwa wamejitanda shuka, bila ya kuulizwa wanakwenda wapi. Lakini nani alivunja kwanza kifungo cha watu wa Ma'angwatay? Nani alimchukua mtoto wa Kiiraqw akamfanya rehani? Nani aliitaka vita? Haymu Tipe hakuitamani. Vijana waliitamani, tena si kwa kuwa walivamiwa, wala si kwa njaa, wala si kwa kulipiza kisasi. Walitaka adui kama mchezaji atakavyo mpira. Watu waliokufa siku ile walikufa kwa tamaa hiyo, na Haymu Tipe alikuwa mlango ambao tamaa ilipitia.

Atakayejibu ya kuwa mlango nao una lawama hajakosea, na jibu lake litafikiwa. Lakini kwanza methali ile irudishwe kwa wenyewe. Mchelea mwana kulia: ni mwana gani hasa aliyekuwa akilia Ma'angwatay? Gemakw alikuwa msituni, na kilio chake hakikusikika. Waliokuwa wakilia, wakidai, wakitisha, ni vijana. Nchi iliyowalea hata wakadhani kwamba vita ni haki yao, na kwamba mtoto wa mtu ni kitu cha kubadilishia, ndiyo iliyochelea mwana kulia. Methali iliyodhaniwa kumhukumu baba mmoja yahukumu malezi ya nchi nzima.

Jambo la adui nalo lahitaji kutazamwa. Wabarbaig ni tawi la Wadatoga, na katika Kiswahili cha sehemu hizo wamezoea kuitwa Wamang'ati. Jina hilo latoka katika Kimaasai, na maana yake ni adui. Jirani huyu, basi, amebandikwa uadui katika jina lake lenyewe, hata mtu amwitapo kwa salamu humwita kwa ugomvi. Na hali historia ya nyanda zile ni ngumu kuliko jina. Wadatoga walikaa Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwasukuma kusini katika karne ya 19. Makaburi yao yamo ndani ya kreta yenyewe, na wazao wao wangali wakiyaheshimu. Katika Karatu na Mang'ola, Wairaqw na Wadatoga wameishi jirani, wakauziana, wakagombana, wakaoana. Msomaji asemaye kwamba Haymu Tipe alikwenda kwa adui amekwisha kupokea msamiati wa vijana. Hadithi yaonyesha kinyume chake: adui hakuwapo mpaka alipoitishwa. Wabarbaig walitafutwa ili wawe maadui, na damu yao, ambayo hakuna aihesabuye, yumkini ilimwagika pia.

Sasa lile jibu lililoahirishwa. Haymu Tipe hana kosa? Analo, na mtetezi anayelificha humdhuru mteja wake. Kosa lake ni kwamba aliamua peke yake. Wairaqw wana utungo wao wa sala na baraka uitwao slufay, ambao mzee mmoja hutamka na waliohudhuria humwitikia. Hapana slufay ya mtu mmoja chumbani. Katika fasihi ya watu wa namna hiyo, hadithi isiyokuwa na kikao ni hadithi yenye tundu, na tundu hilo limewekwa lionekane. Haymu Tipe hakuwaita wazee. Hakuwaambia wazazi wa vijana wale kile walichokitenda watoto wao. Hakusimama katikati ya watu na kusema, mwanangu ametekwa na wanenu, basi semeni. Aliuchukua msiba wa nchi akaufanya msiba wa nyumba yake, na nyumba moja haina mabega ya kuuchukua. Hilo ni kosa la uongozi, tena kubwa.

Lakini kosa si usaliti. Tofauti ya mambo hayo mawili si ya kamusi tu. Aliyekosa aweza kuulizwa, akajibu, akafundisha wengine kwa kosa lake. Aliyeitwa msaliti haulizwi tena. Hufukuzwa, na pamoja naye hufukuzwa kila swali ambalo angelijibu. Mara Haymu Tipe aitwapo msaliti, kikao kisichokuwapo hakitafutwi tena. Wazee walionyamaza hupumua, wazazi wa vijana hupumua, na vijana wenyewe hukunja shuka zao wakaenda. Mtu mmoja amebeba dhambi ya wote, na watu wamepata usingizi. Huo ndio usingizi ambao fasihi ilizaliwa ili iuvunje.

Yabaki mashtaka mawili. Ya kukimbia hayahitaji maneno mengi. Alikimbia na waliosalia, na waliosalia ndio waliojaza Guser Twalay. Bila ya kukimbia huko, hapangekuwa na mtu wa kuisimulia hadithi. Ya kifo cha Gemakw ni magumu zaidi, kwa sababu msomaji wa dini zote hupenda kuona hukumu katika mauti. Lakini kifo cha mtoto si cheti cha dhambi ya baba. Kama msimulizi angetaka kumaliza kwa laana, angemaliza Qawirang, mtoto mikononi, msitu kimya. Hakumaliza hapo. Alimwinua baba, akamtembeza mpaka Guser Twalay, akampa makao, akawapa watu wake kuongezeka, na kwa hadithi akaihifadhi mifupa yake. Mwana wa Liyongo hakupata yale aliyoahidiwa. Aliugua akafa, na watu wa pwani hawana haja ya kuuliza alizikwa wapi. Kaburi linalotajwa, huko Ozi karibu na mdomo wa Mto Tana, ni la baba aliyesalitiwa. Watu hawatunzi kumbukumbu ya mifupa ya msaliti wao. Wairaqw, wenye hadithi, wameitunza ya Haymu Tipe. Na wao ndio majaji wa kwanza.

Huenda mtu akauliza: kelele zote hizi ni za nini, kwa ajili ya mtu wa kale ambaye hata Ma'angwatay yake haijulikani ilipo? Jibu liko juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka Karatu.

Tarehe 21 Aprili 1958, wazee 12 wa Kimaasai, malaigwanani wa Ngorongoro na Loliondo, walitia sahihi hati iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hati hiyo walikubali kwa niaba ya wenzao wote kuiacha Serengeti ya magharibi, nchi ya malisho yao. Mwaka 1959 sheria ikaitenga Ngorongoro na hifadhi ya Serengeti, ikawa eneo ambalo watu, mifugo na wanyama wa porini wangekaa pamoja, eneo la kilometa za mraba 8,292. Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 1974 wakazi waliondolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku. Mwaka 1992 kikaruhusiwa. Mwaka 2009 kikapigwa marufuku tena. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali imeuita wa hiari na ambao watetezi wa haki wameubishia hiari yake.

Katika kila hatua ya safari hiyo neno lilelile huvizia. Wazee wa 1958, je, waliiuza nchi? Aliyekubali kuhamia Msomera, je, amewasaliti waliobaki? Aliyebaki, je, amewasaliti watoto wake? Makala haya hayana ujuzi wa kutoa hukumu juu ya mioyo ya watu hao, wala hadithi ya Haymu Tipe si ushahidi katika kesi yao. Sharti la watekaji msituni na hati ya serikali si kitu kimoja. Lakini hadithi hiyo yafundisha mpangilio wa maswali. Swali la kwanza haliwi, nani alitia sahihi? Swali la kwanza ni, nani aliliweka sharti, na alikuwa ameshika nini mkononi alipoliweka? La pili ni, kikao kilikuwa wapi, na nani hakuitwa? Ndipo la tatu lifuate, kuhusu yule ambaye jina lake limeandikwa. Anayeanza na la tatu amemkamata mwenye jina, akawaacha wasio na jina msituni.

Shaaban Robert aliliona jambo hili tangu mwaka 1951, alipoandika juu ya Kusadikika, nchi iliyoning'inia angani. Karama alisimamishwa mbele ya mfalme kama adui wa nchi, na kosa lake lilikuwa kufundisha sheria. Mshitaki wake, waziri Majivuno, alikuwa na jina kubwa kwa mhalifu na hakuwa na ushahidi mkubwa. Karama hakujibu kwa matusi. Aliwataja mmoja mmoja wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi faida wakarudi wakafungwa, mpaka ikaonekana wazi ni nani aliyestahili kuulizwa. Huo ndio usomaji unaotakiwa: kurudisha majina mahali yalipofutwa.

Wanafunzi wa leo watakuwa kesho mahakimu, waandishi wa magazeti, maofisa wa wilaya na wazazi. Baadhi yao watapewa kalamu ya kuandika nani ni mzalendo na nani si mzalendo. Mkono uliozoea kuandika msaliti pembeni mwa hadithi ya Haymu Tipe, bila ya kumwuliza kijana hata mmoja wa msituni, utaandika hivyohivyo pembeni mwa faili la mtu aliye hai.

Basi Haymu Tipe ahukumiwe. Na ahukumiwe kwa kosa lake, la kiongozi aliyeogopa akanyamaza mahali alipopaswa kuita watu. Lakini asifungwe kwa kosa la wengine. Baba huyo alimzika mwanawe Qawirang, akainuka, akatembea na waliosalia. Na vijana waliomteka Gemakw, miaka yote hii, hawajaitwa barazani hata mara moja. Waitwe.